Misitu Miwili ya Rwanda: Gishwati Uliokatwa na Nyungwe Uliobaki



Ndugu wasomaji, leo tunakwenda Rwanda. Wengi wetu tuna jamaa huko, na wapo waliosoma au kufanya biashara huko. Tukisema Rwanda, watu hukumbuka usafi wa mji wa Kigali, masokwe wakubwa wa milima ya Virunga, au msiba wa mwaka 1994. Katika makala hii tutazungumzia jambo ambalo halisemwi sana, nalo ni historia ya misitu miwili iliyowekewa ulinzi mwaka mmoja, na serikali moja, juu ya safu moja ya milima. Mmoja upo mpaka leo na dunia nzima inaujua. Mwingine ulikatwa karibu wote, na gharama yake bado inalipwa na watu ambao hawakukata hata mti mmoja.

Tunaiandika historia hii kwa sababu kila nchi katika ukanda wetu ina msitu ambao mtu fulani, mahali fulani, anafikiria kuugawa. Ni vizuri tujue mambo hayo huendaje.

Mlima unaogawa maji

Magharibi ya Rwanda kuna safu ndefu ya milima inayotoka kaskazini karibu na volkano za Virunga, inapita juu ya Ziwa Kivu, na kuingia Burundi. Wataalamu huiita mgawanyo wa maji ya Kongo na Nile. Maana yake ni nyepesi kuifahamu. Tone la mvua likianguka upande wa magharibi wa kilele, linateremka hadi Ziwa Kivu, kisha mto Rusizi, Ziwa Tanganyika, mto Kongo, na mwisho bahari ya Atlantiki. Likianguka hatua chache tu upande wa mashariki, linaingia mto Nyabarongo, kisha Akagera, Ziwa Victoria, na Nile, mpaka Misri na bahari ya Mediterania.

Zamani safu hiyo ilifunikwa na msitu mkubwa. Leo vimebaki vipande: Gishwati kaskazini, Mukura katikati, Nyungwe kusini, na Kibira upande wa Burundi, ambao umeshikana na Nyungwe kama chumba na sebule.

Msitu wa mlimani una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mvua kubwa ikinyesha, majani hupunguza nguvu ya matone. Udongo laini uliojaa mizizi na majani yaliyooza huyanywa maji kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo hata kiangazi. Ndiyo maana kijito kinachotoka msituni huwa na maji masafi mwaka mzima. Mlima ukiwa mtupu, maji yote huteremka kwa pamoja yakibeba udongo, na baada ya wiki mbili za jua mto unakauka.

Msafara uliotoka pwani

Wenyeji walizijua chemchemi za Nyungwe tangu zamani. Kwa upande wa wageni, anayetajwa sana ni Mjerumani Richard Kandt, daktari aliyekuja kutafuta chanzo cha Nile. Msafara wake ulianzia pwani ya ile iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ukapita Tabora, na mwaka 1898 akafika katika chemchemi za mto Rukarara ndani ya Nyungwe. Miaka michache baadaye, mwaka 1907, Kandt huyo huyo aliuanzisha mji wa Kigali kama kituo cha utawala.

Vitabu vinamtaja yeye, lakini hakubeba mizigo yake mwenyewe. Misafara ya aina hiyo ilitegemea wapagazi, askari na wakalimani, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Wafanyabiashara na watumishi walioifuata njia hiyo ndio waliokileta Kiswahili na Uislamu Rwanda, na mpaka leo mtaa wa Biryogo mjini Kigali unajulikana kwa hayo mawili. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Kwa hiyo historia ya msitu huu si ngeni kwetu.

Mwaka 2006 wasafiri wengine walipanda Nile kwa mashua kutoka baharini na kutangaza kwamba chanzo chake cha mbali kabisa kimo ndani ya Nyungwe. Wanajiografia bado wanabishana juu ya suala hilo. Lisilo na ubishi ni kwamba maji yanayotoka Nyungwe yanafika Misri.

Mwaka 1933

Wabelgiji walipoitawala Rwanda na Burundi waliona jinsi mashamba yalivyokuwa yakipanda milimani. Mwaka 1933 wakaitangaza misitu ya safu hiyo kuwa hifadhi ya msitu. Nyungwe ukaingia, Gishwati ukaingia, na Kibira pia. Kwenye karatasi yote ilikuwa sawa.

Kinachofuata, ndugu msomaji, kinaonyesha kwamba karatasi peke yake haitoshi.

Gishwati: kila aliyekata alikuwa na sababu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gishwati ulikuwa na takriban hekta 28,000. Kufikia mwaka 2002 msitu wa asili uliobaki ulikuwa hekta 600 hivi. Kwa miaka thelathini, katika kila hekta 100 zilibaki mbili tu.

Ilikuwaje? Hakuna mtu mmoja aliyeamka asubuhi na kusema nitaumaliza msitu. Katika miaka ya 1980 ulikuja mradi mkubwa wa mifugo na miti uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Nia yake ilikuwa njema: kuwapa watu maziwa, malisho na mbao. Lakini sehemu kubwa ya msitu wa asili ikaondolewa ili kupata malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Watwa, ambao walikuwa wakiishi humo kwa kuwinda na kukusanya chakula cha msituni, waliondolewa na wengi wao wakabaki bila ardhi.

Kisha vikaja vita, na mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baada ya hapo maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walirudi Rwanda, wengine baada ya miaka thelathini na zaidi nje ya nchi. Walirudi na watoto na mifugo yao, wakakuta mashamba ya wazazi wao yanakaliwa na wengine. Serikali ikatafuta mahali pa kuwaweka. Gishwati ulikuwa na udongo mweusi wenye rutuba na mvua ya kutosha. Miti iliyobaki ikakatwa, viazi mviringo vikapandwa, na ng'ombe wakaingizwa.

Usiwalaumu haraka watu hawa. Mtu aliyetoka kambini na watoto sita anahitaji mahali pa kulala leo na chakula kesho. Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 26,338 tu. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu milioni 4.8, na ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 13.2. Hata Hifadhi ya Akagera upande wa mashariki ilipunguzwa mwaka 1997 ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake, kwa sababu hiyo hiyo ya wanaorejea na mifugo yao.

Lakini hapa ndipo penye fundisho. Ardhi ya msitu ndiyo rahisi kuliko zote kuigawa, kwa kuwa msitu hauna wa kuusemea. Ukichukua shamba la mtu, atalia mlangoni kwako siku hiyo hiyo. Ukichukua msitu, kilio kinakuja baada ya miaka kumi, tena kinatokea mbali, bondeni, kwa mtu ambaye hujui hata jina lake.

Kilio kilikotokea

Na kilitokea. Milima ya Gishwati ina miteremko mikali. Ilipobaki na viazi tu, udongo ulianza kuteremka kila msimu wa mvua. Ziwa Karago katika wilaya ya Nyabihu likaanza kujaa tope. Mto Sebeya, unaoteremka kutoka milima hiyo hadi Ziwa Kivu karibu na Gisenyi, ukabadilika rangi. Mitambo ya Gihira, inayotegemea mto huo kwa maji ya mji na umeme, ikasumbuliwa na matope.

Septemba 2007 mafuriko yalipiga eneo la Bigogwe, yakaua watu na kubomoa mamia ya nyumba. Baada ya hapo familia nyingi ziliondolewa kwenye miteremko mikali na matuta yakachimbwa milimani. Wale waliopewa ardhi miaka kumi nyuma wakalazimika kuhama tena.

Halafu ukaja usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha magharibi na kaskazini ya Rwanda. Mito ilifurika, Sebeya ukiwemo, milima ikaporomoka juu ya nyumba watu wakiwa wamelala, na zaidi ya watu 130 wakafariki. Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa. Mvua ya namna ile ingeleta maafa hata kungekuwa na miti, wala hatusemi kwamba msitu ungeizuia yote. Lakini mlima wenye mizizi na mlima mtupu haviipokei mvua kwa namna moja, na wakazi wa Rubavu wanaishi chini ya mlima uliovuliwa nguo.

Nyungwe: msitu ulioponea chupuchupu

Tusidhani kwamba Nyungwe ulikuwa salama wakati wote huo. Kati ya mwaka 1958 na 1973 ulipoteza takriban kilomita za mraba 150 kwa moto, mashamba na ukataji wa miti. Wachimba dhahabu walipindua vijito. Warina asali waliacha moto nyuma yao. Nyati wa mwisho aliuawa katika miaka ya 1970, na tembo wa mwisho aliuawa na majangili mwaka 1999 katika kinamasi cha Kamiranzovu. Mtoto wa Kinyarwanda aliyezaliwa baada ya mwaka huo hajawahi kuishi katika nchi ambayo Nyungwe wake una tembo.

Basi kwa nini Nyungwe ulibaki? Sababu tunaziona tatu.

Ya kwanza ni kwamba ulipewa mpaka unaoonekana kwa macho. Kuanzia mpango wa mwaka 1984, misonobari na miti mingine ya kupandwa iliwekwa kuuzunguka msitu wa asili kama ukuta, na mashamba ya chai ya Gisakura na Kitabi yakafanya kazi hiyo hiyo. Mwanakijiji akapata mbao, kuni na kibarua pembezoni bila kuingia ndani. Gishwati, kinyume chake, misonobari na malisho viliwekwa ndani badala ya msitu.

Ya pili ni kwamba watu waliusoma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Wildlife Conservation Society, shirika la New York, walianza kazi huko pamoja na Wanyarwanda, wakahesabu wanyama na kufungua njia za wageni. Ikajulikana kwamba humo mna aina 13 za nyani, kima na jamaa zao, pamoja na sokwe mtu na makundi ya mbega yanayopita 300 kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra sana Afrika. Kitu kinachojulikana ni vigumu kukiangamiza kimyakimya.

Ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi, nayo ni watu waliobaki kazini.

Walinzi wa mwaka 1994

Mauaji yalipoanza Aprili 1994, wataalamu wa kigeni waliondoka na wakubwa wengi wa miradi wakakimbia. Ofisi zikaporwa. Fedha za mishahara zikakatika. Watu wakapita msituni wakikimbia kuelekea Kongo na Burundi. Katika hali hiyo, baadhi ya wafanyakazi wa ngazi za chini wa Nyungwe, Wanyarwanda wasio na vyeo vikubwa, walibaki na kuendelea kuutunza msitu kadiri walivyoweza. Vita vilipotulia, mradi ulifufuka haraka kwa sababu yao.

Waliosomea mambo ya hifadhi wakati wa vita wameliandika jambo hili kama fundisho: mradi ukiwategemea wageni na wakubwa peke yao, siku ya shida hakuna anayebaki. Mtu aliyezaliwa pembeni ya msitu, aliyefundishwa na kuaminiwa, ndiye anayebaki.

Hatuyataji haya ili kuuweka msitu juu ya roho za watu. Karibu na Nyungwe, upande wa mashariki, ndipo ilipo Murambi, mahali ambapo maelfu ya watu waliuawa na ambapo leo pana kumbukumbu yao. Septemba 2023, katika kikao cha UNESCO kilichofanyika Riyadh, Saudi Arabia, Nyungwe uliandikwa kuwa Urithi wa Dunia. Katika kikao hicho hicho maeneo manne ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, Murambi likiwemo, yaliandikwa pia. Nchi moja ilipeleka mbele ya dunia kaburi lake na msitu wake kwa pamoja.

Nyungwe leo

Nyungwe ulifanywa Hifadhi ya Taifa kwa sheria mwaka 2005. Una takriban kilomita za mraba 1,019, na hukadiriwa kwamba asilimia 70 hivi ya maji ya Rwanda hutoka humo. Mwaka 2010 lilifunguliwa daraja la kuning'inia lenye urefu wa mita 160 hivi, ambapo mgeni hutembea juu ya vilele vya miti. Tangu mwaka 2020 hifadhi inaendeshwa kwa ubia na shirika la African Parks kwa mkataba wa miaka 20.

Wanakijiji nao wana fungu lao. Kuanzia mwaka 2005 serikali ilitenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya jamii zinazozizunguka, na mwaka 2017 ikapandisha kuwa asilimia 10. Fedha hizo hujenga madarasa, zahanati na miradi ya maji. Si utajiri, na bado wapo wanaolalamika kwamba wanyama wanakula mahindi yao. Lakini mzazi ambaye mtoto wake anasoma katika darasa lililojengwa kwa pesa ya msitu ana sababu ya kumkemea jirani anayetega mitego.

Gishwati unarudishwa

Habari njema ni kwamba Gishwati haukuachwa ufe. Mwaka 2008 ilianza kazi ya kuulinda mabaki yake, wakati huo sokwe mtu waliokuwemo walikuwa hawafiki ishirini. Eneo lililolindwa likapanuliwa hadi karibu hekta 1,500, na miti ya asili ikapandwa. Mwaka 2015 sheria ikaunganisha Gishwati na Mukura kuwa hifadhi ya taifa moja yenye kilomita za mraba 34 hivi, na mwaka 2020 UNESCO ikayatambua maeneo hayo na vijiji vyake kuwa hifadhi ya baiyosfia. Sokwe wameongezeka, na malisho yaliyo nje yake yanatoa maziwa na jibini inayouzwa mpaka Kigali.

Sehemu ya fedha za kuurudisha msitu ilipitia Benki ya Dunia, benki ile ile iliyogharimia mradi wa miaka ya 1980. Kuukata msitu kulilipiwa, na kuurudisha kukalipiwa tena. Na hata hivyo kilichorudi ni sehemu ndogo sana ya hekta 28,000.

Na tusiwasahau Watwa. Wao ndio walioutumia msitu kwa karne nyingi bila kuumaliza, na ndio waliopoteza zaidi, ulipokatwa na ulipolindwa pia. Ulinzi usiomkumbuka aliyeondolewa unabaki na deni.

Kwa familia zetu

Wazazi, tukiwa na nafasi tuwapeleke watoto wakaone. Si lazima safari ya gharama. Ndani ya Kigali kwenyewe kuna bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ni bonde la kinamasi la takriban hekta 120 lililokuwa limeharibiwa, likasafishwa na kupandwa miti ya asili, na ndani yake mna bustani ya mimea ya dawa na njia za kutembea na baiskeli. Walioko Burundi wana Kibira, wenye kilomita za mraba 400 hivi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1980. Walioko Uganda, Kongo, Kenya na Tanzania wana misitu yao karibu kuliko wanavyofikiri.

Kipo pia kipimo kimoja ambacho hata mtoto wa darasa la pili anaweza kukitumia. Siku moja baada ya mvua kubwa, mpeleke kwenye mto ulio karibu nanyi, muangalie rangi ya maji. Yakiwa masafi au yamechafuka kidogo tu, muulize ni nini kilichoko juu kinachoyalinda. Yakiwa mekundu kama chai ya maziwa, mwambie kwamba lile ni shamba la mtu linalopita, na huko juu hakuna kilichobaki cha kulizuia. Kisha ufuateni mto huo kwa ramani mpaka kwenye chanzo chake, mjue ni mlima gani na ni nani anayeutunza.

Na siku mtakaposikia katika mkutano wa kijiji au kwenye redio kwamba msitu fulani utagawiwa kwa sababu nzuri, ulizeni swali moja tu: ni nani anayeishi bondeni, na je, ameulizwa? Kwa Gishwati swali hilo halikuulizwa, na sababu zilikuwa nzuri zote.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watunzaji wa amana hii, na awarehemu wote waliopotea katika maafa hayo. Amin.

Wabillahi tawfiq.